Mlinzi wa Chini ya Ngazi

Siku ile Siagi hakuwa amepanga kumtapeli mtu. Hilo lisemwe mapema, maana haki ni haki hata kwa mjanja. Alikuwa anapita zake, begi begani, akitafuta upande wa barabara wenye kivuli, ndipo akaliona jengo zima limeinua mikono juu.

Fundi cherehani wa chini alikuwa amepanda stuli, mkono na simu vikiwa nje ya dirisha. Dada wa saluni alikuwa mlangoni na mteja wake, nusu ya kichwa cha mteja imesukwa, nusu imesimama kama imetishwa, na wote wawili simu juu. Uani, fundi wa kuchomelea, yule wanayemwita Cheche, alikuwa juu ya pipa akiizungusha yake hewani. Mgeni angedhani jambazi ameingia na bunduki. Siagi alielewa mara moja: jengo lilikuwa la zamani, kuta nene kama za gereza, na mawimbi ya simu yakifika pale yanageuza yanarudi kwao.

"Poleni na kazi," akasema.

"Kazi gani?" fundi akajibu bila kushusha mkono. "Mteja kanitumia picha ya gauni tangu asubuhi. Mpaka sasa nimeona kola. Kiuno kitafika Ijumaa, tukijaliwa."

Siagi akainua macho. Waya mweusi ulitoka kwenye nguzo, ukavuka ua, ukaingia dirisha la ghorofa ya juu kabisa.

"Na ule unaingia kwa nani?"

"Kwa Bi Mwenye Jengo. Ana intaneti yake ya kuangalia tamthilia. Paswadi hampi mtu. Marehemu mumewe ameondoka duniani hajaijua."

Siagi akakohoa kidogo. Waliomfahamu wanajua kwamba kikohozi kile ni hatari kuliko kifua kikuu. Siagi walimwita hivyo kwa sababu ya maneno yake: yalipaka, yalilainisha, yakayeyuka, na ukija kushtuka mkate wako umeliwa.

Sasa, ndani ya begi mlikuwa na laptopu, na laptopu haikuwa yake. Wenye mabinti, hapa tegeni masikio. Ilikuwa ya mchumba wake, karani wa mishahara katika ghala moja kubwa, msichana mpole wa sauti na mkali wa macho. Alimpa aipeleke kwa fundi kwa sababu kitufe kimoja kilikuwa kinagoma.

"Jumatatu naitaka mezani kwangu," Karani alikuwa amemwambia. "Isipokuwepo, watu wa ghala hawapati mshahara, mimi sipati kazi, na wewe hunipati mimi."

Katikati hapo kulikuwa na Jumapili, siku ya kwenda kujitambulisha kwa wajomba zake. Wajomba walikuwa wameshaambiwa kwamba anayekuja ni meneja. Meneja mwenyewe alikuwa na suruali mbili, na iliyo nzuri ilikuwa na kiraka mahali ambapo kila akiinuka kilisalimia watu. Suti ilihitajika. Na pale mbele yake, juu ya stuli, alisimama mshona suti aliyekuwa anakufa kwa kiu ya mtandao.

Kitufe kikaachwa kiendelee kugoma. Siagi akapanda ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni sabuni ninayo, kama ni mahubiri nimeshasikia."

"Mama, nimetoka kitengo cha usalama. Intaneti yako inavuja."

Bi Mwenye Jengo akaangalia sakafu.

"Inavuja wapi?"

"Dirishani, mama. Unalipa wewe, wanafaidi wapita njia. Hujawahi kuona tamthilia inakwama?"

"He! Kila wakikaribia kubusiana!"

"Hapo ndipo wanapoinyonya."

Mama wa watu akaketi. Alikuwa mwanamke wa kuhesabu njiti za kiberiti, na sasa alimwona kwa macho yake mtu wa barabarani amekalia busu lake.

"Sasa tunafanyaje, mwanangu?"

"Tunaweka Mlinzi. Waya wako tunaushusha chini, unapita mikononi mwake, halafu ndiye anayegawa. Hata wapangaji watapata, lakini kwa ruhusa yako." Siagi akashusha sauti. "Na ukitaka kuwaongezea kidogo kwenye kodi, nani atakulaumu? Usalama ni gharama."

Macho ya Bi Mwenye Jengo yakawaka kuliko taa za kisanduku chake cha intaneti kilichokuwa kabatini. Aliyekuja kumnyang'anya intaneti alikuwa amemwonyesha namna ya kuwanyang'anya wengine, na kwa mwenye tamaa hakuna mgeni mtamu kama huyo.

Siagi akachomeka waya mrefu kwenye kisanduku, akaupitisha dirishani hadi chini ya ngazi, penye mita za umeme na mafagio. Akaweka laptopu juu ya meza iliyopungukiwa mguu. Na hapa tusimdhulumu, hakuwa mbumbumbu. Aliwahi kufanya kazi kwa mtu wa kompyuta, akafukuzwa kwa mambo yasiyohusu kompyuta. Ndani ya laptopu ile alianzisha kompyuta nyingine, ya bandia, isiyo na kioo wala vitufe, inayokula nguvu za mwenzake kama mimba inavyokula cha mama. Kazi yake ilikuwa moja: kusimama mlangoni. Kila kilichoingia kwa waya kilipita kwake, akakikagua, akakiruhusu au akakifukuza, ndipo laptopu ikakirusha hewani kama waifai. Wasomi wanaita fayawoli. Siagi aliona jina hilo halitampa suti. Akaendelea na Mlinzi.

Akaigeuza laptopu watu waone: dirisha jeusi, herufi za kijani zinapanda bila kupumzika.

"Huyu ndiye?" Dada wa saluni akauliza, mkono kifuani.

"Ndiye. Hapo anasoma majina ya wezi."

"Wote hao?"

"Hao ni wa tangu umeuliza."

Waifai ikaitwa JENGO SALAMA. Simu zikaanza kulia jengo zima kama vifaranga. Gauni la fundi likashuka kola, kifua, kiuno mpaka pindo, na fundi akapiga kelele kama aliyeona mtoto anatembea. Bi Mwenye Jengo akaona busu zima, bila kukatika, akalirudia.

"Tukulipe nini, injinia?" wakauliza.

"Mimi?" Siagi akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Kampuni yetu hairuhusu kushika hela. Nitafukuzwa."

Kumbukeni sentensi hiyo. Mtu akija kwenu akaiogopa hela namna hiyo, fungeni kuku.

Hela hakushika, lakini zawadi ni zawadi. Dada wa saluni akamnyoa na kumkanda uso mpaka akang'aa. Cheche akamtengenezea mshipi wenye kifungo cha chuma. Fundi cherehani peke yake alikuwa anasuasua, anatoa shukrani tupu. Siagi akakaa chini ya ngazi, akamwandikia Mlinzi amri fupi, na video ya fundi ikafutika. Mahali pake pakatokea maandishi mekundu: MLINZI AMEMZUIA MWIZI.

Fundi akaja mbio, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Injinia! Alikuwa anataka nini kwangu?"

"Picha zako, kaka."

"Za harusi, au zile nyingine?"

"Zote."

Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia. "Kiuno chako namba ngapi?"

Suti ikaanza: kitambaa cha buluu iliyokolea, bitana ya hariri, mabega ya mtu anayesaini karatasi. Siku zote zilizofuata Siagi alikuwa mfalme wa jengo. Aliletewa chai bila kuomba. Na kwa sababu mfalme lazima atoe sheria, akatoa yake.

"Mlinzi hazimwi," akawaambia siku dada alipotaka kuchomoa waya achomeke mashine ya kukaushia nywele. "Halali, hachoki, haguswi. Akisinzia hata kidogo, wezi wote aliowafungia nje wanaingia kwa pamoja. Thamani yake ni kubwa kuliko jengo hili na vilivyomo."

Ukweli ni kwamba laptopu ilikuwa imechemka kama pasi, na kuiwasha upya ile ya ndani ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Lakini maneno yalitoka matamu, naye akayaongezea chumvi kila alipoulizwa. Wapangaji waliyasikia yote. Walikwenda kuyafikiria.

Jumamosi suti ikawa tayari. Mpango wa Siagi ulikuwa safi: avae, aseme Mlinzi anahitaji kwenda kuchanjwa, abebe laptopu, aage kwa mkono, na asionekane tena mtaa ule mpaka mwisho wa dunia. Fundi akamweka nyuma ya pazia. Akapima bega, akachomoa pini, akapima tena bega lile lile. Nje kulikuwa na kelele za nyundo na mlio wa chuma kuchomwa.

"Kaka, mbona kama unanichelewesha?"

"Suti haiharakishwi," fundi akasema, huku anacheka peke yake.

Pazia likafunguliwa. Siagi akatoka, meneja kamili, akakuta jengo zima limejipanga kwenye korido. Wakapiga makofi. Akainama kidogo kupokea makofi, kisha akaona walichokuwa wanakipigia.

Katika miji yetu kitu kikipendwa kinafungiwa chuma. Pampu ya maji ina kizimba, jenereta ina kizimba, televisheni ya baa ina kizimba chenye kufuli kubwa kuliko televisheni. Wapangaji hawa walikuwa wamepata kitu cha thamani kuliko vyote. Basi walifanya ambacho mtu yeyote wa kwao angefanya. Chini ya ngazi, kutoka sakafuni mpaka juu, Cheche alikuwa amechomelea mlango wa nondo. Nyuma ya nondo, juu ya meza yake mbovu, laptopu ya Karani ilikuwa inahema kwa joto.

"Kufuli tatu!" Cheche akasema, uso umejaa masizi na furaha. "Funguo moja kwa mama, moja kwa fundi, moja kwangu."

"Na... yangu?" Siagi akauliza.

"Wewe hatujakupa," Bi Mwenye Jengo akasema kwa upendo. "Kwa usalama wako, mwanangu. Hata wakikuteka wakutese, hawampati."

Siagi akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekanyaga msumari kanisani.

"Mmefanya vizuri. Sana. Ila leo lazima nimtoe, akapumzike."

"Ulisema hachoki," fundi akamkumbusha.

"Vumbi, basi. Nimfute vumbi."

"Hilo niachie mimi!" Dada wa saluni akaleta mashine ya kukaushia nywele, akaipuliza kupitia nondo mpaka karatasi za mita zikaruka.

"Anahitaji chanjo."

"Mwite daktari wake aje hapahapa. Haguswi, wewe mwenyewe ulisema."

Kila mlango aliojaribu kutokea, alikuta ameshaupigilia misumari kwa mdomo wake. Angesema ukweli? Suti ingevuliwa palepale, na Cheche alikuwa bado ameshika nyundo. Akakaa kwenye ngazi na mabega yake ya kusaini karatasi, akamwona Karani mbele ya macho yake, akaiona Jumatatu.

Na kama vile hayo hayatoshi, Karani akaja mwenyewe.

"Bosi anataka mishahara ifungwe leo," akasema akiingia koridoni. "Uliniambia fundi yuko jengo hili. Laptopu yangu iko wapi?" Akasita. "Na suti hiyo?"

Siagi akamvuta pembeni. Akamweleza kwa kunong'ona, akianza na uongo kidogo kwa mazoea, kisha, kwa kuwa yale macho yalikuwa hayapepesi, ukweli wote.

"Kwa hiyo umeiweka laptopu yangu jela," Karani akasema.

"Kwa ajili yako, mpenzi. Kwa ajili ya wajomba."

"Na kitufe?"

"Bado kinagoma."

Karani akavuta pumzi. Akanyoosha blauzi yake. Halafu akageuka, na sauti yake ya upole ilikuwa imebaki huko alikotoka.

"Nani amemfunga Mlinzi kwenye chuma?"

Watu wote wakamgeukia Cheche.

"Mimi ni mkuu wake huyu," akasema, akimwonyesha Siagi kwa kidole. "Nauliza tena. Nani? Tangu mmeweka nondo, mtandao haujapungua?"

Watu wakatazama simu zao. Kweli ulikuwa umepungua. Chuma na mawimbi havielewani, hilo hata mtoto wa kompyuta anajua, lakini pale lilishuka kama unabii.

"Mmemziba pumzi," Karani akasema. "Mlinzi anakufa hapo. Angalieni anavyochemka."

Dada wa saluni akaanza kulia. Funguo zikatoka mifukoni, kufuli zikaanguka moja baada ya nyingine, na Karani akaingia, akafunga laptopu, akaitia kwapani. Siagi moyo ulimpanda. Hakuwahi kumpenda mwanamke namna ile. Alimwona kwa macho mapya, alimwona wamezeeka pamoja, wanatapeli pamoja, na wajukuu wanawatapeli wao.

"Subiri, bosi," Bi Mwenye Jengo akasema. Mwenye kuhesabu njiti hasahau kuhesabu. "Unaondoka na Mlinzi wetu. Tunabaki na dhamana gani?"

"Nawaachia huyu."

"Huyu?"

"Akae humo ndani, ashike waya, mpaka nirudi. Waya ukilala sakafuni wezi wanaingia. Mfungieni, asije akatoka bila kufikiri."

Siagi akafungua mdomo. Karani akamsogelea, akamrekebishia tai.

"Niamini," akanong'ona.

Neno hilo Siagi alikuwa amewaambia watu wengi maishani mwake. Yeye hakuwahi kuambiwa, kwa hiyo hakuwa na kinga nalo. Akayeyuka.

"Na vua suti," Karani akaongeza kwa sauti ya watu kusikia. "Hiyo ni sare ya ofisi. Humu chini ya ngazi itachafuka."

Akaivua nyuma ya pazia, akarudi na suruali ya kiraka. Karani akaikunja suti vizuri, kola ndani, kama mtu aliyelelewa na mama anayepiga pasi, akaiweka kwenye begi pamoja na laptopu na ule mshipi wa Cheche. Kufuli tatu zikafungwa, Karani akachukua namba ya simu ya Bi Mwenye Jengo. Siagi akabaki nyuma ya nondo ameshika ncha ya waya kwa vidole viwili, anatabasamu, anamwona mchumba wake anakata kona kwa hatua za mtu mwenye kazi ya kufanya.

Ikapita saa, ikapita nyingine. Dada wa saluni akamletea chai, wakasaidiana kuipitisha kati ya nondo. Fundi akaja kuuliza kama mkono umechoka. Siagi akasema hajambo, bosi yuko njiani.

Jua lilipoanza kulegea Bi Mwenye Jengo akashuka ngazi polepole, simu mkononi.

"Bosi wako amenipigia," akasema.

"Enhe! Amefika wapi?"

"Amefika kazini kwake, mishahara imefungwa. Anakusalimu." Akavuta kigoda akakaa mbele ya nondo. "Amenieleza mambo mengi, yule binti. Kumbe kisanduku changu kina waifai yake tangu siku ya kwanza. Unakitoa tu kabatini, unakiweka koridoni, inafika kwa wote. Nimeshakitoa. Hebu sikia simu zinavyolia huko."

Zilikuwa zinalia kweli.

"Na mlinzi wa mlangoni naye yumo humo humo ndani, mdogo, wa bure," Bi Mwenye Jengo akaendelea. "Nikawaambia wapangaji hiyo nyongeza ya kodi tuisahau. Imeniuma, lakini walikuwa wameshika nyundo."

"Mama..." Siagi akaachia waya. "Na mimi amesemaje?"

"Amesema wajomba hawakutarajii tena. Amesema mwanamume anayeweza kukiuza kitu chako kwa maneno huku unakisubiri mezani, siku moja atakuuza wewe, na utajikuta umepiga makofi. Nami nimemwambia, binti, mama yako alikulea." Akakuna shavu. "Suti amempa kaka yake. Ana usaili wa kazi Jumanne. Fundi hajakasirika, amefurahi imekwenda kwa mtu atakayeivaa mchana."

Siagi akaegemea mita za umeme. Akateleza taratibu mpaka akakalia ndoo, na Bi Mwenye Jengo akaingiwa na wasiwasi.

"Unaumwa?"

"Nifungulie, mama."

"Nitakufungulia. Funguo yangu ninayo. Cheche amekwenda na yake msibani, atarudi kesho. Ukitoka utafagia ngazi hizi mpaka fundi arudishiwe jasho lake. Mafagio unayo hapo, zoea harufu."

Akapanda kwenda kwenye tamthilia yake. Siagi akabaki peke yake, kiraka kimekalia ndoo. Mchumba hana, suti hana, hata waya alioushika hauendi popote.

Ndipo akaingia mume wa mteja mmoja wa saluni, mgeni, mwanamume mnene mwenye saa ya kung'aa, kuja kumchukua mkewe. Akapita, akasimama, akarudi nyuma hatua moja. Akatazama nondo, akatazama kufuli tatu, akamtazama mtu aliye ndani.

"Ndugu," akasema kwa sauti ya chini, "umefanya nini mpaka wakakufungia hivi?"

Siagi akainua kichwa. Akakohoa kidogo.

"Kaka yangu," akasema, "wewe umeshaona watu wanafungia kufuli tatu kitu kisicho na thamani?"

Yule mwanamume akafikiri. Akaangalia mlango wa saluni kama mkewe anatoka. Hatoki.

"Enhe?" akasema, akavuta kigoda.